Sarafu Mbili, Kovu Moja

Siku ile mji uliamka ukiwa mzee. Zilikuwapo siku ambazo uliamka kijana, kuta zake zikinukia chokaa mbichi na watu wake wakitembea kama waliopewa miguu mipya. Na zilikuwapo siku kama hii, ambapo hata jua lilichomoza likijishika kiuno. Siku za mji huo hazikujua kupanga foleni. Ijumaa iliweza kuja mara mbili, Jumatatu ikapotea mwezi mzima, na mtu aliyelala na mvi akaamka na ndevu nyeusi, akaenda kazini vile vile, kwa kuwa kazi haikuwa na habari na ndevu. Watu walishazoea. Walipokutana njiani waliulizana, "Umeamka na umri gani leo?" na awe kijana awe kikongwe, jibu lilikuwa lile lile: "Nimeamka nimechoka."

Vuai aliamka mzee kuliko siku zote. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaitazama mikono yake iliyokunjamana, akajiuliza kama ndiyo mikono aliyolala nayo jana, au ni ya mtu mwingine anayeishi humo humo ndani yake na kutoka kwa zamu. Mkewe, Mboja, alimwekea chai. Hakuinywa. Alishuka dukani, chini ya nyumba yao, akafungua dirisha la mbao, akakaa nyuma ya mizani.

Kazi yake ilikuwa kupambanua sarafu za kale, ipi ya kweli na ipi ya kughushi. Watu walizichimbua kwenye misingi ya nyumba zilizobomoka, wakazikuta masandukuni mwa marehemu, wakaziokota tumboni mwa ndoto zao, wakamletea. Walikuja wakisema wanataka kujua. Hakuna hata mmoja aliyetaka kujua. Walitaka kukubaliwa. Akisema "ya kweli", walimwita bingwa. Akisema "ya kughushi", waliitazama mizani kana kwamba imewatukana mama zao. Kweli ni nini? Enzi za ujana wake, swali hilo lilimnyima usingizi. Sasa lilimletea usingizi. Sarafu ya kweli ni kipande cha madini kilichopigwa na mtu mwenye amri. Ya kughushi ni kipande cha madini kilichotengenezwa na mtu asiye na amri. Lakini huyo mwenye amri, amri yake aliipiga nani? Kwa nyundo gani? Juu ya fuawe gani? Akifika hapo kope zilikuwa nzito, kichwa kikamwangukia kifuani, akalala mbele ya mizani mpaka mteja akohoe.

Siku ile aliyekohoa alikuwa mwanamke mzee sana, kanga zake zimepauka, mgongo umepinda, macho makavu na makali.

"Hodi, fundi."

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Mtumwa. Litamke tu, usilionee haya. Ndugu zangu wote walionitangulia walikufa wachanga, basi nilipozaliwa mama akanipa jina hilo ili kifo kinidharau, kinipite."

"Na kimekupita kweli."

"Kimenipita mpaka nimechoka kukisubiri." Alivuta kigoda akaketi bila kukaribishwa. Akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akaweka kitu juu ya meza. "Nitazamie hiki."

Vuai alitazama, na usingizi ukamtoka kama maji kwenye gunia.

Hakukuwa na mtu katika mji ule asiyeijua sarafu ile, ingawa waliowahi kuigusa hawakuzidi wa jumba kuu. Upande mmoja, uso wa mtu aliyevaa kilemba, ametazama kando. Upande wa pili, mlango uliofungwa. Kila mtoto aliimbiwa habari zake kabla hajajua kutembea: kwamba Mwasisi wa mji alipiga sarafu moja tu ya madini ya fedha, kisha akauvunja muhuri ili isipigwe nyingine, kwamba anayeishika sarafu ndiye anayeushika mji, na kwamba sarafu hiyo imo jumbani, mikononi mwa Mwenye Mji, kama ilivyokuwa mikononi mwa baba yake na babu yake. Moja tu. Na sasa hii hapa, juu ya meza ya Vuai, imetoka kwenye pindo la kanga.

"Bibi," alisema taratibu, "hii umeitoa wapi?"

"Nyumbani kwetu. Haijawahi kukaa kwingine, isipokuwa mara moja." Bibi Mtumwa alisema kama mtu anayeeleza habari za jirani. "Mnachowaimbia watoto ni nusu. Mwasisi hakukaa na sarafu yake. Aliiweka kwetu, nyumba ya watu wa kawaida, watu wa kusuka mikeka. Akasema anayetawala asiishike mwenyewe. Kila mwaka, kabla ya mvua, sharti aje kwa miguu yake mlangoni kwetu, abishe hodi, aiombe. Tukimpa, anatawala mwaka mwingine. Tukimnyima, anarudi kusuka mikeka kama sisi. Mimi nimeyaona kwa macho yangu. Nikiwa mtoto nilikuwa nachungulia nyuma ya mama, namwona bwana mkubwa amesimama juani anatoka jasho, anasubiri tufungue."

"Halafu?"

"Halafu mwaka mmoja akasema anaitaka kwa sherehe. Wakaichukua, wakairudisha. Mwaka uliofuata hakuja. Wala uliofuata. Mama akafagia mlango mpaka akafa."

"Na wewe sasa unataka kiti chake?"

Bibi alicheka bila sauti. "Nikae wapi mimi na mgongo huu? Nataka mtu mwenye kujua aseme mbele ya watu kwamba hii ndiyo. Nataka anayetawala abishe hodi. Basi."

Vuai alivuta pumzi. Mikono yake mizee ilianza kazi bila kumngoja. Aliiweka kwenye mizani. Uzito ulikuwa sawa na ule wa fedha safi ya zamani. Akaitosa kwenye bakuli, akatazama maji yalivyopanda, yalipanda ilivyopasa. Akaisimamisha kwenye ncha ya kidole, akaigonga kidogo: mlio ukatoka mwembamba, mrefu, ukazunguka duka zima, ukakataa kufa. Akachukua kioo cha kukuzia. Sarafu iliyopigwa kwa muhuri na nyundo huwa na kingo kali, kwa kuwa madini yamesukumwa kwa nguvu mpaka yakajaa kila mfereji wa muhuri. Iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu huwa laini kama sabuni iliyotumika, na ina vitundu vidogo vidogo vya hewa, kama mkate. Hii haikuwa na kitundu. Nyuzi za kilemba zilionekana moja moja. Weusi wa miaka ulikuwa umejilaza kwenye mabonde, si kwa kupakwa, bali kwa kukaa.

Kwenye shavu la ule uso palikuwa na kovu. Mkwaruzo mfupi uliopinda, mkali kiasi kwamba ukipitisha ukucha unanasa.

"Na hili?"

"Mkasi wa mama. Alikuwa ananishonea gauni, ukamponyoka, ukaangukia hapo. Nililia mimi, nikidhani tumemuumiza mtu. Ilikuwa kabla hawajaja kuiazima, mwaka ule ule."

Vuai aliiweka chini. Ilikuwa ya kweli. Alijua hivyo kama mtu anavyojua kwamba ana njaa. Na kwa mara ya kwanza katika umri wake mwingi, ule wa leo na ule wa siku nyingine, alitamani ingekuwa ya kughushi.

"Bibi, umemwambia nani?"

"Nimepita sokoni. Nimemwambia kila aliyenisalimu."

Hata kabla hajamaliza kusema, askari wa jumba walikuwa mlangoni. Hawakufoka. Askari wa mji ule nao waliamka wamechoka. Walimwomba bibi asimame, wakaitia sarafu kwenye mfuko wa ngozi, wakamwambia Vuai kwamba anaitwa.

*

Ukumbi wa jumba ulikuwa na tabia ya kurefuka. Mtu aliyekuja kuomba aliufupisha kwa haraka zake. Mtu aliyekuja na jambo moyoni alitembea mpaka magoti yakamwuma. Vuai alitembea, na kando yake picha za Wenye Mji waliopita zilitembea naye. Uso ule ule, kilemba kile kile. Mchoraji alibadili fremu tu.

Mwenye Mji alikaa karibu na dirisha. Mwanga ulipomwangukia alikuwa kijana wa shavu laini. Wingu lilipopita alikuwa mzee wa midomo iliyoanguka. Vuai hakujua kama anazungumza na mtu mmoja au na ukoo mzima.

"Kaa, fundi. Umeamka na umri gani leo?"

"Mkubwa, Bwana."

"Nami pia. Kiti hiki kinachosha." Alifungua kijaluba, akasukuma sarafu mezani. "Hii haijawahi kupimwa. Baba aliona kuipima ni kuishuku. Mimi sina nguvu za kuogopa kama yeye. Itazame."

Vuai aliitazama. Uso ule. Kilemba kile. Kwenye shavu, kovu lile lile lililopinda. Lakini hili halikunasa ukucha. Lilikuwa bonde laini, mviringo, kovu lililozaliwa nalo. Halikumuumiza mtu yeyote. Nyuzi za kilemba zilikuwa zimeshikana kama wali uliovia. Ukingoni palionekana mstari mwembamba uliosuguliwa kwa tupa, mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Akaigonga. Ikasema "tk", ikanyamaza.

Nje, mtu alikuwa akifagia majani.

Ndani ya kichwa cha Vuai sauti mbili zilijibizana: Fundi, sema. Sema nini. Sema ulichokiona. Na nikisema, kitakuwa nini. Kitakuwa kimesemwa. Basi na kiwe.

"Macho yako yameshasema," alisema Mwenye Mji. "Sasa mdomo."

"Hii imemiminwa, Bwana Mkubwa. Na kalibu yake imechukuliwa kwa ile ya bibi. Lile kovu limepigwa kwenye ile kwa mkasi. Kwenye hii limerithiwa."

Mwenye Mji hakukasirika. Alilaza kichwa kwenye kiti kama mtu aliyevuliwa viatu. "Baba alinihadithia kabla hajafa. Alichoka kusimama juani kwenye mlango wa wasuka mikeka. Akaiazima, akamwita sonara, akamwamuru afanye nyingine. Ya kweli ibaki, ya kughushi irudi kwao. Akafa akiamini ndivyo ilivyokuwa."

"Basi walichanganya."

"Labda mkono wa sonara ulitetemeka." Wingu likapita; akawa mzee. "Au labda haukutetemeka."

Wakatazamana. Kwa kitambo kidogo walikuwa watu wawili tu waliochoka, chumba kimoja.

"Sikiliza," alisema Mwenye Mji. "Sokoni wanasema mengi, kwa hiyo kesho utapima uwanjani, mbele ya mji. Sikuombi useme uongo, hata chembe. Nakujua, ungekunywa sumu kwanza. Ile ya bibi ninayo sasa. Kesho itakaa upande wangu, na hii itakaa upande wake. Utapima. Utasema kweli tupu: hii ya kweli, ile ya kughushi. Kisha utakwenda kulala."

"Na bibi?"

"Mghushi wa alama ya mji anatolewa nje ya lango. Unajua."

Vuai alijua. Nje ya lango palikuwa na bonde ambako siku haziji kabisa, wala za uzee wala za ujana. Waliopelekwa huko hawakufa. Walikoma tu kuwa na jana na kesho, na baada ya hapo hata ndugu zao hawakukumbuka majina yao.

"Nikikataa?"

"Utamfuata. Lakini kwa nini ukatae? Wewe unafikiri watu wananiinamia kwa ajili ya kipande cha madini?" Sauti yake haikuwa na kiburi; ilikuwa ya mtu anayeeleza ugonjwa wake kwa tabibu. "Wananiinamia kwa sababu jana waliniinamia. Na mimi nakaa hapa kwa sababu jana nilikaa. Hakuna kingine, fundi. Nimetafuta chini ya kiti hiki kwa miaka, hakuna kingine. Ile sarafu ni kifuniko tu, na chungu hakina kitu. Wewe unataka kukifunua ili watu waone nini?"

Vuai aliinuka. Aliinama, kwa sababu jana aliinama, akatoka.

*

Mboja alimsikiliza mpaka mwisho, ameshika mwiko. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyewahi kumwamsha mumewe kijana na kumlaza mzee siku hiyo hiyo, bila kulalamika.

"Sasa tatizo liko wapi?" aliuliza. "Si amekwambia useme kweli?"

"Ndilo tatizo."

"Sikuelewi, baba."

"Nami sijielewi." Vuai alikaa sakafuni, mgongo ukutani. "Maisha yangu yote nilidhani kweli imo ndani ya kitu. Unakipima, unaikuta. Kumbe mtu anaweza kuibeba ilivyo, nzima, bila kuikwaruza, akaiweka mahali pengine, ikafanya kazi ya uongo. Kesho nitasema neno lisilo na doa, na bibi wa watu atatupwa bondeni kwa neno hilo. Mizani itakuwa sawa. Maji yatapanda sawa. Mlio utalia sawa. Na mimi nitakuwa…" Akatafuta neno. "Nitakuwa laini. Kama ile. Nina kila alama ya mtu mkweli, ila ukucha haunasi."

Mboja aligeuza chungu. Moshi ukamwingia machoni, au alisingizia moshi.

"Na ukisema yote, kwamba wamebadilisha?"

"Hakuna ushahidi ila mdomo wangu. Sarafu zimeshapimwa, Mboja. Anayepimwa sasa ni mimi."

"Ukienda bondeni, nitakula na nani?"

Walikaa hivyo mpaka chakula kikaungua kidogo, wakala kilivyo. Baada ya kula Mboja aliwasha mkaa, akaupakia kwenye pasi, akaitoa kanzu nyeupe ya Vuai, ile ya sikukuu, akainyoosha polepole, mikono yote miwili, kola na mapindo. Alipomaliza akaitundika mlangoni.

"Usiende umekunjamana," alisema. "Wakikutazama, wakuone."

*

Uwanja ulijaa. Watu walikuja na watoto mgongoni, na vigoda, na karanga za kutafuna, kwa kuwa haikuwa kila siku mji kupewa jambo la kutazama. Waliamka na umri wa kati siku hiyo, wote, umri ule ambao mtu hajui kama bado anapanda au ameanza kushuka. Mezani paliwekwa mizani, bakuli la maji, na vitambaa viwili: chekundu mbele ya Mwenye Mji, cheupe mbele ya Bibi Mtumwa. Juu ya kila kitambaa, sarafu.

Bibi aliitazama iliyo mbele yake. Aliinyooshea kidole, akaligusa shavu la ule uso, akapitisha ukucha; haukunasa. Akamtazama Vuai. Alikuwa amejua, na alikuwa anangoja, kama alivyongoja kila kitu.

Vuai alipima. Alipima bila haraka, kwa sababu mikono yake haikuijua haraka. Ya kitambaa chekundu: uzito sawa, maji sawa. Akaigonga. Mlio mwembamba ukapanda juu ya vichwa, ukavuka paa la jumba, na mtoto mmoja aliyekuwa analia akanyamaza kuusikiliza. Ya kitambaa cheupe: "tk". Watu wakaguna. Mnong'ono ukapita uwanjani, na waliokuwa karibu na bibi wakasogea mbali naye hatua moja.

"Mji umesikia," alisema Mwenye Mji. "Fundi, tamka."

Vuai alifungua kinywa. Akahisi uchovu wote alioamka nao tangu azaliwe, wa kila umri, umemkalia mabegani. Ulikuwa mzito kiasi kwamba hapakuwa tena na nafasi ya hofu. Hofu inataka nguvu. Yeye hakuwa nazo.

"Iliyo kwenye kitambaa chekundu ni ya kweli," alisema. "Iliyo kwenye cheupe ni ya kughushi."

Mwenye Mji akatikisa kichwa kukubali. Askari wakamsogelea bibi.

"Sijamaliza."

Askari wakasimama.

"Mmeniuliza habari za sarafu, nimejibu. Sasa niulizeni habari za vitambaa. Ile ya kweli niliishika jana dukani kwangu, imetoka kwenye pindo la kanga ya bibi huyu. Ile ya kughushi niliishika jumbani, imetoka kwenye kijaluba cha Bwana Mkubwa. Zimebadilishwa. Kovu lililoko shavuni lilipigwa na mkasi wa mama yake bibi. Waliomimina nakala walimimina na kovu. Sarafu haikuwa ya kukaa jumbani. Ilikaa kwa wasuka mikeka, na anayetawala alikwenda kuiomba kila mwaka. Haya sina cha kuwaonyesha. Nina mdomo huu tu. Mnanijua, au hamnijui. Nimechoka. Nimesema."

Alikaa chini, pale pale mavumbini, na kanzu yake nyeupe.

Karanga zilikoma kutafunwa. Kila mmoja alisubiri radi, au ardhi ipasuke, au jumba lianguke kuta mbili mbili kama lilivyoanguka kwenye ndoto za wengi wao. Mwenye Mji alitazama kucha zake. Mwanga ulimpiga, alikuwa kijana, kisha mzee, kisha hakuwa na umri wowote.

"Mji umesikia," alisema tena. "Haya, nendeni nyumbani."

Na wakaenda. Ndivyo ilivyokuwa. Wakabeba vigoda vyao na watoto wao, wakakung'uta maganda ya karanga, wakaenda. Jumba halikuanguka. Askari walimtazama bwana wao wajue wafanye nini, na bwana wao alikuwa ameshageuka. Bibi Mtumwa alijivuta mpaka kwenye meza, akaichukua sarafu ya kitambaa chekundu, akaifunga kwenye pindo la kanga. Hakuna aliyemzuia. Nyingine aliiacha ilipo.

"Umesema," alimwambia Vuai, akimwinamia.

"Hakuna kilichotokea, bibi."

"Nimesikia ikisemwa na mtu mwenye kujua, mbele ya watu. Mama yangu hakuyapata hayo." Alimgusa bega. "Amka, mwanangu, vumbi litaharibu kanzu."

*

Walingoja nyumbani. Mboja alikuwa amefunga furushi: shuka, kikombe, mswaki, kwa kuwa hakujua mtu huenda na nini mahali ambapo siku haziji. Walikaa barazani, furushi katikati yao, wakatazama mtaa. Fundi cherehani wa jirani alikuwa amekaa mbele ya cherehani bila kushona. Mwuza uji, mama mnene aitwaye Shida, alikuwa amefunika sufuria. Hakuna aliyezungumza habari za uwanjani. Hakuna aliyezungumza habari nyingine.

Hakuna aliyekuja kumkamata.

Alasiri, ngoma ya heshima ikalia kutoka jumbani. Ililia kila alasiri, ziwe siku za kijana au za mzee, na kila mtu katika mji, popote alipo, alisimama mpaka iishe. Wenye homa walisimama wakiegemea ukuta. Wanawake wenye uchungu wa kuzaa walisimama wakishikiliwa. Hakuna aliyekumbuka kwa nini.

Vuai aliisikia. Akaiambia miguu yake isimame, kama kila siku. Miguu haikusimama. Haikuwa ubishi. Aliitazama, ilikuwa imekaa tu mbele yake, mirefu na mikavu, kama ya mtu mwingine.

"Baba, simama," Mboja alinong'ona, akimvuta mkono. Yeye alikuwa ameshainuka. "Watatuona."

"Siwezi. Nimechoka, Mboja."

Mboja alitazama mtaa kwa hofu kuona nani ameona. Akamwona fundi cherehani. Alikuwa amekaa. Alikuwa ameweka mikono mapajani na kukodolea macho sindano. Akamwona mama Shida juu ya kigoda chake, ameshika shavu. Akamwona mwanamume aliyekuwa anapita na mzigo, ameutua, anaukalia. Mboja alibaki amesimama peke yake barazani, na kwa mara ya kwanza alihisi uzito wa kusimama, jinsi unavyoanzia kwenye nyayo na kupanda. Akakunja kanga yake, akaketi taratibu kando ya mumewe.

Askari mmoja alitokea mwisho wa mtaa, bunduki begani. Alitembea hatua chache, akapunguza mwendo, akasimama katikati ya njia. Akageuka huku na huku.

"Mbona mmekaa?"

Ngoma iliendelea kulia.

"Nawauliza. Ngoma inalia, mbona mmekaa?"

"Tumechoka, mwanangu," alisema mama Shida.

Askari alijifuta shingo. Jasho lilimtiririka chini ya kofia. Alitazama njia aliyotokea, ikirudi mpaka jumbani, ndefu, imejaa jua. Alitazama tena baraza. Akaishusha bunduki begani, akaiegemeza ukutani kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto wa mwenzake.

"Sogeeni kidogo," alisema.

Vuai akaliondoa furushi, akaliweka chini, askari akakaa. Akavua kofia. Mama Shida akafunua sufuria, akamchotea uji. Na huko mbali ngoma ikalia mara nyingine, na nyingine, kwa mwendo unaolegea, kisha ikanyamaza kabla ya wakati wake. Na wote mtaani wakainua vichwa pamoja, maana walielewa kwamba mpigaji naye ameketi.